Ukiinua Motokaa, Uinyoshe Pia

Ndugu wakulima wa skimu,

Kila mara mvua kubwa ya mwezi wa Machi inapokaribia, maneno ya barabara huanza tena katika mikutano yetu. Huyu asema maziwa yake yaliganda kwa sababu hayakufika penye kupozea. Yule asema kabichi zake zilioza langoni. Halafu huinuka kijana mmoja, aghalabu aliyerudi Nakuru juzi, akasema: “Dawa ni moja tu. Tuinue motokaa ya chama.” Watu hupiga makofi, na fedha huchangwa.

Mimi si adui wa motokaa iliyoinuliwa. Lakini nataka kusema neno moja wazi wazi, na naomba mlisikilize mpaka mwisho kabla ya kunibishia. Motokaa ikiinuliwa kwa springi ndefu, hapana budi mikono inayoshika ekseli zake irekebishwe pia. Kama chama hakina fedha za kazi hizo mbili pamoja, basi kisifanye hata moja. Kazi nusu chini ya motokaa ni hatari kuliko matope.

YALIYOTUPATA SISI

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya hapo nilisomea ualimu, na kwa hiyo watu wa skimu yetu hapa Kinangop walinichagua kuwa mwandishi wa chama chao. Baba zetu walipata mashamba haya katika mpango wa Eka Milioni Moja ulioanza mwaka 1962. Udongo ni mzuri kwa viazi na majani ya ng’ombe, lakini mvua ikinyesha hushika maji kama karai, na njia zetu huwa uji.

Chama kina motokaa moja, Land Cruiser kuukuu yenye springi za mviringo mbele na nyuma. Asubuhi huchukua mikebe ya maziwa, mchana humpeleka daktari wa mifugo mashamba ya mbali. Miaka mitatu iliyopita tulichanga fedha za maziwa kwa miezi minne, tukanunua springi za kuinua motokaa kwa sentimita 5, pamoja na shokabsoba zake. Fundi wa gereji moja alizitia kwa nusu siku, akatwambia kazi imekwisha. Mimi ndimi niliyemlipa, wala sikumwuliza swali hata moja. Motokaa ilisimama kama farasi, watoto wa shule wakaja kuitazama.

Juma la kwanza dereva alisema usukani umekuwa mwepesi mno, wala haurudi wenyewe baada ya kona. Juma la pili motokaa ilianza kutetemeka kutoka chini kila ilipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Sisi tulisema ni springi mpya, zitazoea. Juma la tatu dereva alikuwa akiteremka kilima na mikebe kumi na miwili, na akina mama wawili wakienda hospitali. Gurudumu la mbele liligonga shimo dogo. Usukani ukaanza kutikisika mikononi mwake, kushoto na kulia, asiweze kuushika. Motokaa ilikwenda yenyewe mpaka ukingo wa mtaro, ikasimama ikiwa imeinama.

Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Maziwa yalimwagika yote. Mmoja wa akina mama wale ni mama yangu mdogo, na mpaka leo hapandi motokaa ile. Akiiona humwamkua dereva kwa adabu, kisha hutembea kwa miguu.

KWA NINI ILIKUWA HIVYO

Watu wengi hudhani kwamba springi ndiyo inayoshika ekseli. Springi ya mviringo hubeba uzito tu. Haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele wala nyuma wala kuzunguka. Kazi hiyo ni ya mikono, yaani vyuma virefu vinavyotoka katika chesisi na kushika ekseli, kila mwisho ukiwa na bushi ya mpira. Mafundi huviita “am”. Katika motokaa kama yetu ekseli ya mbele ina mikono miwili mirefu. Ya nyuma ina minne, miwili juu na miwili chini. Kila ekseli pia ina fito moja ya kukingama, inayoizuia isihame upande.

Sasa tufanye hesabu kama ya darasani. Chukua mkono wa mbele wenye urefu wa sentimita 100. Ukiuzungusha duara nzima, mwisho wake utakwenda kama sentimita 628. Gawanya kwa digrii 360, utaona kwamba kila digrii moja ni karibu sentimita 1.75. Basi ukiinua chesisi kwa sentimita 5, mkono huo umegeuka kama digrii 3. Na kwa kuwa mkono wa mbele umeishika ekseli kwa bushi mbili, ekseli nayo hugeuka pamoja nao.

Je, digrii 3 ni kitu gani? Tazama baiskeli yako. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala nyuma kidogo kwa juu. Hiyo ni sababu mojawapo inayomwezesha kijana kuachilia mikono na baiskeli ikaendelea kunyoka. Magurudumu ya mbele ya motokaa nayo yamelazwa hivyo, na motokaa nyingi za namna hii hutoka kiwandani zikiwa na digrii 2 mpaka 4 tu. Ukiondoa 3, hubakiwa na karibu bure. Ndiyo sababu usukani wetu haukurudi wenyewe, na shimo dogo lilipotugonga hapakuwa na kitu cha kuyarudisha magurudumu katika mstari wake.

Nyuma mambo yalikuwa mengine. Pale propela inapoingia katika difu kuna krosi, na kule mbele inapotoka katika gea kuna krosi nyingine. Propela ya namna hii hutaka pua ya difu na mwisho wa gea zielekee sambamba, kama mistari miwili ya reli. Sisi tulipoinua chesisi, pua ya difu iligeuka. Kutetemeka kule kulikuwa ni krosi zikilia. Kama tungeendelea, zingekatika njiani.

KWANZA IJUE MOTOKAA YAKO

Kabla hujanunua mikono yo yote, ingia uvunguni ukatazame. Si kila motokaa ina mikono hii, na wauzaji wengine hawatakwambia.

Land Rover za zamani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1948 mpaka 1985 hukaa juu ya springi za bapa, yaani vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo hubeba uzito na kushika ekseli pia. Hapo hakuna mkono wa kubadilisha. Pua ya difu hunyoshwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Land Rover One Ten iliyotoka mwaka 1983 ndiyo iliyokuja na springi za mviringo pamoja na mikono. Pikapu za Toyota Hilux zina springi za bapa nyuma. Zile ambazo kila gurudumu la mbele hucheza peke yake zina mikono ya pembe tatu huko mbele, na hiyo sharti ipimwe kwa mashine ya magurudumu. Pikapu ya Land Cruiser ilipewa springi za mviringo mbele mwaka 1999, lakini nyuma ikabaki na za bapa.

Basi ukiambiwa ununue mikono ya nyuma kwa Hilux yako, toka katika duka hilo.

MIKONO YA KUREKEBISHA NI NINI

Mkono wa kiwandani una urefu mmoja tu. Mkono wa kurekebisha ni bomba nene lenye misumari ya kuzungusha katika mwisho wake, hata ukaweza kuurefusha au kuufupisha, kisha ukakaza nati kubwa ya kuzuia usijifungue. Ukirefusha mikono miwili ya juu ya nyuma, au ukiifupisha, pua ya difu huinuka au hushuka mpaka ikae pale unapotaka. Fito ya kukingama nayo hupatikana ya namna hiyo, ili ekseli irudi katikati ya motokaa.

Mbele kuna njia mbili. Kwa kuinua kidogo, kama sisi, kuna bushi ambazo tundu lake limehamishwa kutoka katikati, nazo huilaza tena ekseli nyuma. Kwa kuinua zaidi hutakiwa mikono mingine kabisa.

Nasema tena, kwa sababu wengi hukosea hapa: mikono hii haiinui motokaa hata kidogo. Kazi yake ni kusahihisha kosa lililoletwa na kuinua. Anayeinunua ili motokaa ionekane kali amenunua pambo.

JINSI KAZI ILIVYOFANYWA

Baada ya mkasa ule tulimwendea mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Hakushika spana. Aliniuliza, “Mwalimu, daftari la vipimo liko wapi?”

Nikasema, “Mzee, hatuna daftari.”

Akasema, “Basi hamkuinua motokaa. Mliirusha tu.”

Akanipa kalamu, nikawa karani wake kwa siku mbili. Nayaandika hapa niliyoyaona, ili nawe ujue fundi wako anafanya kazi au anakudanganya.

Kwanza, motokaa iliwekwa mahali pa sakafu iliyo sawa, magurudumu yakatiwa vigingi. Mzee alipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Alining’iniza timazi kuona kama ekseli imehama upande. Alipima pembe ya pua ya difu na pembe ya mwisho wa gea. Yote niliyaandika. Pembe zile zilikuwa zimepitana kwa digrii 4.

Pili, chesisi iliwekwa juu ya stendi imara, na ekseli ikashikwa na jeki chini yake. Hakuna mtu aliyeingia uvunguni kwa kutegemea jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kushikilia. Wako watu waliozikwa kwa kusahau neno hili.

Tatu, kila mkono mpya ulilazwa chini kando ya ule wa zamani, ukarekebishwa mpaka umbali kutoka tundu hata tundu ukawa sawa sawa na wa zamani. Ndipo ulipotiwa. Alifungua mkono mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua yote pamoja, ekseli itazunguka na utapoteza siku nzima kuirudisha.

Nne, boliti zilitiwa zote lakini hazikukazwa kabisa. Motokaa ilishushwa juu ya magurudumu yake, ikasukumwa mbele na nyuma, ikatingishwa. Ndipo boliti zilipokazwa, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Nilimwuliza sababu. Alinionyesha bushi: ukiikaza ekseli ikiwa inaning’inia, mpira hujikunja motokaa inaposhuka, nao hukaa umejisokota siku zote mpaka upasuke.

Tano, alirekebisha mikono ya juu, kushoto na kulia kwa kipimo kimoja, mpaka tofauti ya digrii 4 ikawa chini ya digrii 1. Alihakikisha kwamba misumari iliyobaki ndani ya bomba ni mingi kama mtengenezaji anavyoagiza, kisha akakaza nati za kuzuia na kuzipiga alama ya rangi nyeupe. Rangi ikikatika, dereva atajua nati imezunguka.

Mwisho alitazama mipira ya breki kama inafika bila kuvutwa, maana motokaa iliyoinuliwa huivuta. Motokaa ilipelekwa penye mashine ya kunyosha magurudumu, na baada ya kilomita 100 ikarudi boliti zote zikakazwa tena. Tangu hapo haijatetemeka, na usukani hurudi wenyewe kama zamani.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua wako watakaosema: “Karani, mikono hiyo ni ghali. Kuna mchomeaji hapa sokoni atakata ile ya zamani, aongeze kipande, aichome.” Ndugu yangu, nakuomba usifanye hivyo. Mkono huo hubeba nguvu yote ya breki na ya injini, kila siku, ukivutwa na kusukumwa. Chuma kilichochomwa na mtu asiyejua hupata ufa usioonekana, nacho hukatika siku ya mzigo, kwenye mteremko. Kama fedha ni kidogo, springi za zamani zirudishwe. Si aibu.

Wengine watasema kwamba inafaa kununua mikono yenye viungo vya chuma kitupu, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa katika mashindano ya motokaa. Watu wa mashindano huvua viungo vyao na kuvitazama kila mara. Sisi tuna matope mwezi wa Aprili na vumbi mwezi wa Januari, na dereva anayeamka saa kumi za usiku. Bushi ya mpira yatufaa zaidi. Haipigi kelele, haili mchanga, na mtu wa shamba huweza kuiona kwa macho ikianza kuchakaa.

Wa tatu ni wazee, na hao nawaunga mkono. Wao husema: “Je, kuinua kwenyewe kunatufaa?” Jambo hili tulipaswa kuliuliza mwanzo. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, lakini difu hukaa katikati ya ekseli, na ekseli hukaa juu ya magurudumu. Uinue springi kwa sentimita 5 au kwa 15, difu itabaki pale pale, ikilima matope yale yale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na tairi iliyozidi kwa upana wa duara lake sentimita 5 huiinua difu kwa sentimita 2 na nusu tu. Tena motokaa ndefu hupinduka upesi zaidi kwenye mteremko, hasa ikiwa na mikebe iliyojaa.

Sisi tulikuwa na sababu, maana chesisi yetu ilikuwa ikigonga kingo za vivuko na mawe ya njia ya mtoni. Lakini nilipoandika orodha ya mahali tulipokwama mwaka ule, niliona kwamba zaidi ya nusu palikuwa mahali pawili tu, ambapo mtaro ulikuwa umeziba. Siku mbili za majembe zilituondolea taabu ile, na hazikutugharimu ila chai na mkate.

NENO LA MWISHO

Basi, ndugu mkulima, mkutano wenu ujao mtu akiinuka na kusema “tuinue motokaa,” msimzomee, wala msimpigie makofi. Mwulizeni mambo manne. Tumekwama wapi, na je, mtaro umezibuliwa? Motokaa yetu ni ya springi za bapa au za mviringo? Fedha zilizopo zatosha springi, shokabsoba, mikono, fito ya kukingama na kunyosha magurudumu, zote pamoja? Na nani atashika daftari la vipimo kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa? Kadhalika, mwandishi wa chama aiandikie kampuni ya bima kabla ya kazi kuanza, maana siku ya ajali si siku ya kueleza habari za springi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi niliyapigia wanafunzi maneno hayo ubaoni mara nyingi, kisha nikalipa fedha za watu mia kwa fundi ambaye hakupima kitu. Ninyi msifanye hivyo.

Na mama mdogo nimemwambia kwamba motokaa imenyoshwa. Amesema ataitazama mvua moja zaidi, kisha ataamua.

Wenu,
Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kinangop